Lofti Ikikataa: Dalili, Visababishi na Dawa

Fundi mmoja wa mitumbwi hapa Bukavu aliniletea vipande saba vya katoni. Alikuwa amevikata kwa kisu, kila kimoja kikifuata ubavu mmoja wa mtumbwi wake wa zamani, kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na kwa kalamu ya bluu ameandika namba 1 mpaka 7. Alitaka mitumbwi mitatu inayofanana, ya kufungwa pamoja kwa miti mirefu, kama wanavyofunga wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa huku, usiku ziwani Kivu. Nikavipima, nikavichora kwenye kompyuta, nikabonyeza. Ukatoka mtumbwi uliojisokota kama nguo inayokamuliwa. Mzee akainama mbele ya skrini, akatazama kwa muda.

"Petit (yaani mdogo wangu), huu mtumbwi uko naenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi ninalo, na haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza kwa kuharibu.

Kwa asiyejua: lofti ni amri inayopokea mikato kadhaa ya umbo, mmoja nyuma ya mwingine, na kuivisha yote ngozi moja. Jina lilitoka kwenye viwanda vya meli, ambako mafundi walichora mistari ya chombo kwa ukubwa wake halisi kwenye sakafu pana ya ghorofa ya juu. Mimi natumia FreeCAD, programu ya kuchora maumbo kwenye kompyuta, kwa sababu ni ya bure na haidai intaneti ili ifunguke. Menyu zangu ziko kwa Kifaransa, kama kompyuta nyingi za hapa, na huko amri hiyo inaitwa Lissage. Injini ya hesabu iliyo ndani ni OpenCASCADE, ileile iliyomo kwenye Salome, na hata Gmsh huitumia ukiichagua. Kwa hiyo ukiwa kwenye programu hizo, magonjwa utayakuta ni yaleyale.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba amri hii haina macho. Haioni mtumbwi. Inasoma orodha: mkato upi ni wa kwanza, una kingo ngapi, ukingo wa kwanza unaanzia kipeo (kona) gani na unaelekea upande gani. Umbo likitoka bovu, usihangaike na vitufe vya lofti. Rudi kwenye mikato. Katika kazi zangu, karibu kila mara ugonjwa ulikuwa huko.

UMBO LIMEJISOKOTA

Hili ndilo lililompata mzee. Kisababishi cha kawaida ni kipeo cha kuanzia. Mikato sita niliichora nikianzia ukingo wa juu wa kulia. Ule wa nne niliuchora baada ya kutoka kula, nikaanzia kushoto. Programu hujaribu yenyewe kutafuta kipeo kinacholingana na cha mkato uliotangulia, na mara nyingi hufaulu, lakini usiitegemee, hasa mikato ikiwa karibu duara au ikiwa imetofautiana sana kwa ukubwa. Ikikosea, pembe ya kulia ya mkato wa tatu inaungwa na pembe ya kushoto ya wa nne, na ngozi yote inafuata.

Kugundua ni rahisi. Pitisha kipanya juu ya ukingo wa chini wa kila mkato na usome namba ya ukingo inayotokea chini ya dirisha. Kama kwa mikato sita ni namba 3 na kwa mmoja ni namba 1, umempata mchawi.

Dawa ya haraka ni kuufuta mkato huo na kuuchora upya kwa mpangilio wa wenzake. Dawa ya kudumu, ambayo ningependa mtu angenipa mwaka wa kwanza, ni kutochora mikato saba kabisa. Chora mmoja. Uwekee vipimo vyote: upana wa juu, upana wa chini, kina. Kisha unakili mara sita, usogeze kila nakala mahali pake, na ubadilishe vipimo tu. Nakala zote zinarithi mpangilio wa kingo, idadi na mwelekeo. Tangu nianze hivyo sijaona msokoto, isipokuwa pale ninapopokea mchoro wa mtu mwingine.

Kuna msokoto wa aina ya pili: umbo linabanwa katikati kama peremende iliyofungwa kwa karatasi. Hapo mkato mmoja umezunguka kufuata saa na mwingine kinyume chake. Dawa ni ileile.

Na kuna wa tatu, ambao ni uzembe mtupu. Umbo linakwenda mbele, linarudi nyuma, linakwenda tena mbele. Umechagua mikato kwa mpangilio wa 1, 3, 2. Ifungue orodha uisahihishe.

KONA ZIMEYEYUKA, AU BATI LINAKATAA

Lofti inapenda idadi moja ya kingo. Mkato wenye kingo nne ukifuatiwa na wenye nne, kila ukingo unampata mwenzake. Nne zikikutana na tatu, au nne na moja, programu inalazimika kuukata mkato wenye kingo chache ili idadi zilingane, na inaukata panapoifaa yenyewe. Matokeo yake ni kona iliyoyeyuka au mkunjo unaotokea mahali ambapo hukuchora kitu.

Kwenye mtumbwi hili hutokea omo. Mikato ya kati ina sakafu bapa, mbavu mbili na mstari wa juu: nne. Kule mbele mtu anachora V: mbili na mstari wa juu, tatu. Mimi humpa hata V sakafu ndogo ya milimita 5. Hakuna fundi anayetengeneza omo isiyo na unene, kwa hiyo sidanganyi mtu.

Lakini darasa lenyewe nililipata kwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Kadutu, hapahapa Bukavu, si ziwani. Alitaka faneli ya bati ya kumiminia muhogo kwenye mashine ya kusaga: juu mraba wa milimita 500 kwa 500, chini duara la kipenyo cha 160, kimo 400. Mraba una kingo nne, duara lina ukingo mmoja tu usio na kona. Nilipobonyeza mara ya kwanza, kona za mraba ziliteremka kwa mshazari, kila moja ikijitafutia mahali pa kutua kwenye duara.

Nikaligawa duara katika matao manne kwenye nyuzi 45, 135, 225 na 315, yaani kila mgawanyo ukitazamana na kona ya mraba. Lofti ikatoka safi, ya kupendeza machoni. Kama ungetaka kuichapisha kwa plastiki au kuimwagia zege, kazi ingeishia hapo, na ukiwa unasoma kwa ajili hiyo, ruka aya saba zinazofuata.

Fundi alirudi baada ya siku mbili, mikono imejaa masizi.

"Petit, bati iko nakataa. Karatasi yako iko nadanganya."

Alikuwa na haki. Ngozi ile ilikuwa imepinda pande mbili kwa wakati mmoja, na bati hukubali kupinda upande mmoja tu. Unaweza kulikunja kuwa bomba au koni, lakini huwezi kulifanya tandiko la farasi bila kulinyosha kwa nyundo. Programu haikunionya kwa sababu kwake umbo lilikuwa halali kabisa.

Faneli ya bati inajengwa kwa nyuso nane. Nne ni pembetatu bapa: kitako cha kila moja ni upande mmoja wa mraba, na ncha yake inagusa duara katikati ya upande huo. Nne ni vipande vya koni: kila kona ya mraba ni ncha ya koni inayoshuka na kulikumbatia robo moja ya duara. Tazama kinachobadilika: mgawanyo wa duara hauko tena kwenye nyuzi 45. Uko kwenye 0, 90, 180 na 270. Nyuzi 45 hizo tu ndizo zilizompotezea fundi bati zima.

Kwenye FreeCAD lofti inakubali nukta kuwa mkato, mradi iwe ya kwanza au ya mwisho. Kwa hiyo chagua kona ya mraba, kisha tao la robo, uiwekee alama ya mistari iliyonyooka, na usiombe umbo mango (lililojaa ndani). Unapata kipande cha koni. Kirudie kwa kona nyingine tatu, ongeza pembetatu nne, zishone zote ziwe ganda moja.

Kwa fundi nilimwandikia urefu halisi wa mistari kutoka kona moja hadi kwenye tao lake, nikiligawa tao mara tatu: 501.4, 486.6, 486.6, na tena 501.4. Kati ya nukta na nukta kwenye duara, 41.9 ukifuata mzunguko. Akiwa na bikari ya chuma na namba hizo, alichora kipande chake juu ya bati bila kuhitaji kompyuta yangu. Na kitu kikashika.

Kwa hesabu ya mkono kama hiyo unaweza pia kukagua ujazo. Chukua eneo la juu, eneo la chini, na mara nne ya eneo la katikati ya kimo, jumlisha, zidisha kwa kimo, gawanya kwa 6. Kwa faneli hii: 250,000 na 20,106 na mara nne ya 107,527, zote milimita za mraba, inakuja lita 46.7 hivi. Ukilifunga ganda juu na chini liwe umbo mango na programu ikakupa 46.7, lala usingizi. Ikikupa 39, kuna uso umeingia ndani mahali fulani.

UMBO LIMEVIMBA KATI YA MIKATO

Mikato yote imepita sawa, lakini kati ya mmoja na mwingine ngozi inatoka nje kama shavu la mpuliza tarumbeta. Lofti ya kawaida hupitisha mkunjo laini kwenye mikato yote kwa pamoja, na mkunjo laini una tabia ya ubao mwembamba. Mzee wa mitumbwi alinionyesha bila kujua kwamba anafundisha hesabu: aliuzungusha ubao mwembamba juu ya mbavu zilizosimamishwa. Palipokuwa na mbavu nne zilizobanana, kisha pengo refu, ubao ulipotoka kwenye zile nne ulikuwa na kasi ya kupinda, ukaenda nje kabla ya kurudi kwenye ubavu unaofuata.

Vipande vyake vya katoni vilikuwa hivyohivyo: vinne mbele, kimoja katikati, viwili nyuma. Mtumbwi wenye upana wa milimita 1,100 katikati ulikuwa na 1,160 kabla ya katikati. Nikamwomba apime mahali pawili zaidi penye pengo, nikaongeza mikato miwili, uvimbe ukaisha. Umbali wa mikato ukikaribia kulingana, mkunjo unatulia. Wakati mwingine kushusha digrii ya juu ya mkunjo kutoka 5 hadi 3 husaidia, ila mimi huongeza mkato kwanza.

Kama huhitaji ulaini, weka alama ya mistari iliyonyooka. Kila jozi ya mikato itaungwa kwa mistari mifupi na uvimbe hauwezekani, ila kwenye kila mkato utaona mvunjiko. Kwa mtumbwi wa mbao zilizokatwa vipandevipande, mvunjiko huo si kosa.

PROGRAMU INAKATAA KABISA

Hapa ujumbe mwekundu unatokea na hakuna umbo. Ninaangalia mambo manne, kwa mpangilio huu.

Kwanza, mchoro usiofungwa. Kwenye skrini ncha mbili zinaonekana zimegusana, kumbe kuna pengo la sehemu tatu za elfu moja za milimita. Huwezi kuchanganya mikato iliyofungwa na iliyo wazi katika lofti moja, kwa hiyo mmoja ukivuja unaiangusha yote. Kifaa cha kukagua mchoro kinatafuta ncha ambazo zingepaswa kushikana na kuziunga. Mpe umbali mdogo wa kutafutia, la sivyo ataunga hata visivyohusiana.

Pili, mikato miwili kwenye bapa moja. Ulinakili, ukasahau kusogeza. Geuza mtazamo uangalie kutoka ubavuni na uhesabu mistari: kama mikato ni saba na unaona sita, umepata.

Tatu, mstari uliochorwa mara mbili, mmoja juu ya mwingine. Hutoka kwenye faili za michoro za DXF za watu. Futa mmoja; ukiona chini bado kuna mwingine, ndivyo.

Nne, mkato wenye tundu ndani. Usilazimishe. Jenga lofti ya nje, jenga lofti ya tundu, kisha toa ya pili kwenye ya kwanza.

IMEKUBALI, LAKINI NI GANDA TUPU

Umelikata umbo kati na ndani hakuna kitu. Mara nyingi alama ya umbo mango haikuwekwa, iweke. Kama imewekwa na bado ni ganda, tazama mkato wa kwanza na wa mwisho: lazima vifungwe kwa kifuniko, na kifuniko kinataka mkato ulio bapa. Mkato uliopinda, kwa mfano ukingo wa juu wa mtumbwi unaopanda omo na tezi, haupati kifuniko. Jenga kifuniko mwenyewe, kisha ushone.

UJAZO NI HASI

Hili huwatisha wanafunzi bure. Umeandika kwenye konsoli, yaani dirisha la kuandikia amri, `App.ActiveDocument.ActiveObject.Shape.Volume` na jibu lina alama ya kutoa mbele. Nyuso zinatazama ndani badala ya nje, kama koti lililovaliwa kinyumenyume. Geuza mpangilio wa mikato, wa mwisho uwe wa kwanza, au tumia amri ya kugeuza nyuso. Usiliache hivyo ukidhani ni alama tu: ukija kutoa tundu kwenye umbo hilo, litafanya kinyume cha unachotaka.

UNENE UNAKATAA

Umbo la nje ni zuri, unaomba unene wa ubao wa milimita 25 kwenda ndani, programu inagoma au inatoa vipande vilivyopasuka. Omo ndiko kwenye shida: nafasi ya ndani ni nyembamba kuliko unene unaoomba, nyuso zinakatana zenyewe. Ninachofanya ni lofti ya pili. Nanakili mikato yote, naisogeza ndani kwenye bapa zake, naishia kabla ya omo kubana, kisha natoa ya ndani kwenye ya nje.

Ila hapa kuna mtego ulionipitia mara mbili. Milimita 25 zilizopimwa kwenye bapa la mkato si milimita 25 za ubao, kama ubavu umeinama kuelekea omo. Ukiinama kwa nyuzi 30, unabaki na 21.7 tu. Ili ubaki na 25 unahitaji kusogeza 28.9. Katikati ya mtumbwi, ambako mbavu zinakwenda sambamba, tofauti haionekani, na ndiyo maana mtu haigundui mpaka fundi alete kipande cha ubao na kukuuliza kwa nini hakiingii.

NUSU MBILI HAZISHIKANI

Nilichora nusu ya mtumbwi ili niakisi nusu ya pili. Baada ya kuziunga ukabaki mstari wa katikati, mwembamba kama unywele, na hesabu ikaniambia ni maumbo mawili. Mkato wa tano ulikuwa umeishia milimita 0.4 pembeni ya mhimili. Funga ncha zote za katikati kwenye mhimili wenyewe kwa kizuizi cha mchoro, yaani amri inayozishikilia hapo. Kuziweka hapo kwa jicho na kipanya hakutoshi.

KOMPYUTA IMENYAMAZA

Kishale kinazunguka, feni inapiga kelele, hakuna jibu. Mikato iliyotokana na picha iliyofuatishwa ina vipande vidogo mamia, na lofti inajaribu kumpatia kila kimoja mwenzake kwenye mikato yote. Ichore upya kwa mikunjo michache; ubavu mmoja wa mtumbwi hauhitaji zaidi ya nukta tano au sita. Ukilazimika kujaribu na ule mzito, hifadhi faili kwanza kwa jina jipya. Mimi huhifadhi pia kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa huku kwetu hiyo ndiyo saa umeme unapopenda kuondoka, na betri ya kompyuta yangu hudumu dakika kumi na nne.